Ulezi wa Mzee Wilibrodi

Daktari alitaja Ijumaa. Kidonda cha Mzee Wilibrodi kisipoonyesha dalili ya kupona kufikia siku hiyo, mguu utakatwa.

Jumatatu Rhoda, nesi aliyekuwa akimfunga mzee kidonda nyumbani kwa mzee huyo, kijijini Mollo, Ufipani, alifungua bandeji akakichunguza kidonda. Kwa wiki mbili marhamu aliyoitengeneza mfamasia Bertha, ya mshubiri na majani ya mlonge, ilikuwa imepunguza uvimbe na sumu zinazochelewesha kupona kwa kidonda cha mwenye kisukari kama yeye. Sasa nyama ilikuwa imelegea tena, inatoka maji.

"Dawa yenu imechoka," mzee alisema.

Bertha mwenyewe, mwanamke mwembamba, alifika mchana na daftari lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuitetea dawa?"

"Nimekuja kutafuta nilipokosea."

Rhoda alimtazama. Hakuwahi kusikia msomi akianza hivyo.

Bertha alimtoboa mzee kidole, akapima sukari ya damu. Kumi na tisa. Juu mno.

"Vidonge unameza?"

"Vyote! Soda nimeacha, chai nainywa chungu kama adhabu. Mlisema nile ulezi, nakula ulezi. Ugali wake, na togwa asubuhi na jioni."

Bertha alitoka uani. Kwenye mkeka palikuwa pameanikwa ulezi mwekundu uliochipua. Alitafuna punje chache, akampa Rhoda nyingine. Zilikuwa tamu.

"Mama, hiki ni kimea cha togwa?"

"Ndiyo, lakini sukari sijatia hata chembe!" mke wa mzee, Mama Sebastiani, aliruka.

"Najua, mama. Ulezi ukichipua unajitilia wenyewe."

Ndani, mzee alicheka hadi akakohoa. "Kumbe nilikuwa nakunywa soda ya Kifipa!"

Togwa ilikoma siku hiyo. Rhoda aliendelea kupaka marhamu kila asubuhi. Ijumaa daktari aliinama juu ya mguu kwa muda mrefu. Maji yalikuwa yamekauka, na pembeni kulikuwa na ukanda mwembamba wa nyama mpya, ya waridi.

"Hatukati," alisema. "Tuendelee."

Mama Sebastiani alipiga vigelegele. Bertha hakusherehekea, alikaa kwenye benchi akiandika. Rhoda alichungulia daftari, akitarajia kuona sifa za marhamu.

Palikuwa pameandikwa: *Kosa langu. Niliuliza sukari, sikuuliza kimea.*

Rhoda alimsogelea.

"Dada Bertha," alisema, "nifundishe kuuliza hivyo."