Mwili wa Sponji

Fundi wa mavazi alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha mavazi, pini tano midomoni, akimshonea mtu mwingine mwili wake yeye.

"Usikadirie kwa macho," Kiongozi wa kundi la maigizo alisema kutoka mlangoni. "Jipime, halafu ukate sponji. Tunataka uonekane wa kweli."

Fundi alijizungushia futi kiunoni.

Kwa miezi mitatu kabla ya hapo, nafasi ya mhusika mkuu kwenye mchezo ilikuwa yake. Kundi zima lilimwita Bonge, na alishazoea kuitika. Kiongozi peke yake alimwita mpenzi. Kila mchana alikuja kukaa juu ya sanduku la viatu, akamsomea mchezo mstari kwa mstari, maana kusoma kwake fundi kulikuwa kwa kuchechemea. Ulihusu mwanamke mnene anayependwa, dunia nzima ikimcheka. Akaushika wote kwa masikio. Siku moja Kiongozi alifunga daftari, akamwambia maneno yasiyokuwamo: "Ukikaa karibu nami, baridi inakosa pa kupita."

"Basi usiondoke," alijibu, macho chini.

Alasiri ile alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto.

Kisha wafadhili walikuja kutazama mazoezi. Kesho yake akaletwa binti wa tangazo la sabuni achukue nafasi ile, kiuno kama cha nyigu.

"Dada, usinielewe vibaya," Kiongozi alisema. Dada! "Mnene wa kweli watu wanamwonea haya. Wa sponji watamcheka, na wakicheka watajifunza."

"Wajifunze nini?"

"Kutodharau watu," alisema, akatazama saa yake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Fundi alisimamishwa nyuma ya pazia kumnong'onezea binti akisahau, kwani ni yeye tu aliyeujua mchezo bila karatasi.

"Shoga, joto humu ndani!" binti alimnong'oneza akifungwa zipu. "Wewe unawezaje?"

"Mie sina zipu."

Binti alicheka, akatoka jukwaani. Ukumbi nao ukacheka kabla hajafungua mdomo.

Katikati ya mchezo Kiongozi, ambaye ndiye aliyeigiza mpenzi, alimshika binti mkono. Akasema kwa sauti nzito ileile ya juu ya sanduku la viatu, "Ukikaa karibu nami, baridi inakosa pa kupita."

"Na mlangoni je, anapita?" mtu alipaza sauti kutoka viti vya nyuma. Watu wakagonga mapaja kwa kicheko.

Binti alisahau. Akageuza macho kwenye pazia. Kiongozi naye akageuza.

Jibu lake lilikuwa limeongezwa baadaye; fundi hakuwahi kusomewa. Alilijua hata hivyo.

"Basi usiondoke," alinong'ona.

"Basi usiondokeee!" binti aliimba, akitikisa makalio ya sponji, na ukumbi ukasimama kumshangilia.

Mchezo ulipokwisha, Kiongozi aliingia nyuma ya jukwaa akitiririka jasho, meno yote nje. Binti alikwisha kuuvua mwili na kuutundika kwenye msumari.

"Wameupenda! Ila kesho ongeza hapa nyuma, dada. Umebana sana."

"Niongeze kiasi gani?"

Kiongozi hakufikiri. Aliivuta futi iliyoning'inia shingoni mwa fundi, akamzungushia makalioni mbele ya kundi zima, akainama kutafuta namba.

"Usipumue kwanza," alisema. "Inacheza."

Hakupumua.