Taa ya Msiba kwa Ma Alistidia

Ma Alistidia hakuwa na simile na mtu aliyechezea moto. Mbuzi wako wangeweza kuingia kibanjani kwake wakatafuna migomba michanga, ukaomba radhi, mambo yakaisha hapo hapo. Lakini ungethubutu kuweka koroboi chini sakafuni mwake, angekutoa nje wewe na koroboi yako, uwe nani uwe. Katekista Buberwa aliwahi kutolewa hivyo, na kitabu chake cha sala mkononi.

Jiko lake lilikuwa kibanda cha peke yake, mbali na nyumba, na kila jioni alimwagia majivu maji mpaka yaache kufuka. Kiberiti alikifunga kwenye pindo la khanga yake, mtoto asikione. Taa ilikaa juu ya msumari, ndani ya kopo lenye mchanga. Watu wa kijiji kile, kilomita chache kutoka Kashozi, walimpachika jina la Ma Zimamoto, naye aliitika bila kinyongo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alikuwa hivyo. Walidhani wanajua.

Walichojua ni hiki. Mwaka wa sabini na nane, ndege za Amini zilipokuwa zikija Bukoba, bomu liliangukia nyumba ya nyasi ya Ma Alistidia alfajiri, likaiteketeza yote, na ndani yake akafa mama mkwe wake, bibi Verdiana, ambaye miguu ilikuwa imeshamwishia nguvu. Kijiji kizima kililia. Vita vilipokwisha watu wakachanga mabati, wakakanyaga udongo, wakamjengea yeye na mumewe nyumba mpya. Mtoto wa mwisho wa Verdiana, Lwakatare, hakungoja hata arobaini ya mama yake. Alijiunga na wapiganaji akaenda Uganda kumlipia kisasi, na huko upande wa Masaka akakanyaga bomu la ardhini. Alirudi na mguu mmoja, na kila mtu akamwita shujaa, na alistahili.

Basi, hadithi ilikuwa nzuri, yenye adui na shujaa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: bomu halikuwepo.

Ndege ilipita, hilo kweli. Ilipita juu ikaelekea ziwani bila kudondosha hata jani. Ma Alistidia alikuwa ameamka kumnywesha mama mkwe wake uji, akiwa na koroboi iliyojazwa mafuta ya magendo, yale yaliyochanganywa na petroli kwa sababu mafuta ya taa hayakupatikana popote. Aliposikia ngurumo aliiweka taa chini, juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni kama desturi ya huko, akawavuta mkono watoto wake wawili, akakimbilia migombani. Alipogeuka kumfuata bibi, mlango ulikuwa tayari unawaka. Majirani walipofika walitazama juu, wakatazama majivu, wakasema, "Amini!" Yeye alifungua kinywa kusema vingine, kikakataa. Siku ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuliko ya kwanza, na mwezi ulipopita haikuwezekana tena. Alimwambia padri mmoja tu, kitubioni, na padri yule alihamishwa.

Miaka kumi ikapita hivyo, na yeye akabaki kutundika taa kwenye msumari.

Halafu ukaja ule ugonjwa ulioitwa baadaye UKIMWI. Mwanzoni watu waliuita Juliana, kwa utani, kwa jina la mashati ya kisasa ya magendo. Mwaka wa themanini na nane hakuna aliyekuwa na hamu ya utani. Mwezi wa sita, kiangazi kikiwa kimeshika, Ma Alistidia alimzika mumewe. Wiki tatu baadaye akamzika binti yake, Anatolia. Mwezi wa saba ulipokuwa unaishia wakamletea mwanawe Gamaliel kutoka Kampala, amefungwa kwenye blanketi nyuma ya pikapu, na akafa siku ya tano. Wajukuu waliobaki mikononi mwake walikuwa saba, na mkubwa wao alikuwa na miaka tisa.

Sasa ujue jambo moja la ukoo ule. Mtu akifa, sakafu hutandikwa nyasi nene, na waombolezaji hukaa na kulala juu yake. Nyasi hizo hazitolewi mpaka matanga yaishe siku ya arobaini, na mwenye kuzitoa ni mkuu wa ukoo. Kuzitoa mapema ni sawa na kumfukuza marehemu nyumbani kwake. Tena taa ya msiba huwekwa chini, pale pale mwili ulipolala, isizimwe mpaka asubuhi. Zamani utaratibu huu haukuwa na tabu, kwa sababu watu walikufa kwa kupeana nafasi. Lakini mwaka ule msiba ulikuja juu ya msiba. Nyasi za mume hazijatolewa, zikatandikwa za Anatolia juu yake. Za Anatolia hazijatolewa, zikatandikwa za Gamaliel. Ukikanyaga mle ndani mguu ulizama mpaka kwenye kifundo, na zile za chini zilikuwa zimekauka zikawa kama tumbaku.

Katika misiba miwili ya kwanza Ma Alistidia alikaa macho usiku wote akiilinda ile taa. Huu wa tatu alijua hawezi. Mwili ulikuwa umechoka, kope zilimlemea hata mchana. Ukichukua nyasi za misiba mitatu na kiangazi kile, na watoto saba waliolala wamebanana ukutani, na taa iliyowekwa katikati na watu wanaogeuka usingizini, huhitaji kuwa mtabiri.

Gamaliel alizikwa saa tisa alasiri kibanjani. Jua lilipoanza kushuka, waombolezaji waliingia ndani. Petronila, jirani wa siku nyingi na mpenda maneno, alileta koroboi inayowaka akamkabidhi Lwakatare, ambaye sasa ndiye alikuwa mkuu wa ukoo. Lwakatare aliegemea gongo lake, akainama kwa taabu, akaiweka chini.

"Shemeji," alisema Ma Alistidia kutoka pembeni alipokuwa ameketi, "naomba hiyo taa itundikwe. Na hizi nyasi zitolewe jioni hii, kabla watoto hawajalala."

Watu wakatazamana. Mfiwa hatoi amri kwenye msiba. Kazi yake ni kulia na kulishwa.

"Waitu, pole," alijibu Lwakatare, kwa upole na heshima zote. "Nyasi za kaka yangu zitatoka siku yake. Unataka Gamaliel aseme tumemfukuza hata kaburi halijakauka?"

"Basi taa peke yake."

"Taa ya marehemu haikai msumarini kama koti, Ma Alistidia."

Petronila akamkumbatia mabega. "Mwacheni, jamani. Ni ile hofu ya bomu haijamtoka. Ma, bomu haliji tena! Amini amekimbia zamani. Hii ni koroboi tu."

Wanawake wawili watatu wakacheka, kicheko cha huruma. Na hapo ndipo Ma Alistidia aliposhikwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua, hasira juu yake mwenyewe. Koroboi tu! Kijiji kizima kilikuwa hakiiogopi koroboi, na aliyewafundisha kutoiogopa alikuwa yeye. Miaka kumi aliwaachia waamini kwamba moto huanguka kutoka angani, unaletwa na adui. Nyumba ya Yunus ilipoungua wakasema husuda. Ya Hamidi ilipoungua wakasema radi, na siku hiyo mbingu ilikuwa nyeupe kama maziwa. Yeye alijua kwamba kote kuwili ilikuwa koroboi, alikwenda kuwapa pole, akanyamaza.

Akawatazama watoto. Mdogo alikuwa ameshajilaza, miguu yake haikuwa hata hatua mbili kutoka kwenye ule mwali. Akamtazama Lwakatare na suruali yake iliyokunjwa gotini. Aliona waziwazi kwamba akisema, atampoteza shemeji yake, jina lake, na pengine hata nyumba hii iliyojengwa kwa machozi ya watu. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Halikuwa bomu," alisema.

Petronila alimvuta khanga. "Kaa, mama. Umechoka."

"Nimechoka, lakini sijarukwa na akili. Nisikilizeni nikiwa bado na nguvu za kusema. Nyumba yetu haikupigwa bomu. Ndege ilipita. Mimi ndiye niliyeiweka koroboi chini, juu ya nyasi, kama hiyo hapo. Moto ulitoka hapo. Mama Verdiana hakuuawa na Amini. Aliuawa na taa yangu, na mimi nimenyamaza miaka kumi nikala rambirambi zenu."

"Mawe! Mama yangu!" mtu alinong'ona karibu na mlango. Baada ya hapo kilichosikika ni sauti ya nyasi tu, watu wakijisogeza mbali na ile koroboi bila kuambiwa, kila mmoja akivuta nguo yake.

Lwakatare hakusogea. Alikuwa ameshika gongo kwa mikono miwili, macho yake yako kwenye ule mwali, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. Ma Alistidia alisubiri matusi. Aliyataka hata.

"Alikuita?" Lwakatare aliuliza mwishowe.

Angeweza kusema hapana. Lingekuwa neno dogo la huruma, na hakuna ambaye angemsuta.

"Aliniita," alisema. "Mara mbili. Mlango ulikuwa mmoja tu, na moto ulikuwa mlangoni. Nilijaribu kuingia. Nywele zikashika, nikarudi nyuma. Sikujaribu tena."

Machozi yalimtiririka Lwakatare mpaka kwenye ndevu, mbele ya wanawake na watoto, na hakuyafuta. Kisha akainama, taratibu kama alivyoinama mara ya kwanza, akaiokota koroboi. Akaipuliza, ikazimika. Mle ndani mkabaki mwanga wa jua la jioni lililoingia mlangoni.

"Toeni nyasi," alisema.

"Ta Lwakatare," akaanza kwa heshima mzee mmoja wa ukoo, "matanga bado..."

"Nani mkuu wa ukoo hapa?" Sauti yake ilipanda. "Toeni zote! Kaka yangu atanielewa, na Gamaliel ni mwanangu, atanielewa. Na kama hawanielewi tutaulizana nikifika."

Wakazitoa. Wanaume walizibeba kwa mafungu, wanawake wakafagia, na Petronila aliwabeba watoto nje mmoja mmoja. Walipofika tabaka la chini, lile la msiba wa mume, waliona doa jeusi lenye upana wa sinia, kwenye sehemu ambayo taa ilikaa mwezi wa sita. Nyasi zilikuwa zimeungua kimya kimya, zikazimika zenyewe kwa sababu wakati ule zilikuwa bado na unyevu. Watu walipita mmoja mmoja wakilitazama. Yunus, ambaye nyumba yake iliungua na kila kitu chake cha maana, alichuchumaa hapo muda mrefu, akaligusa kwa kidole. Kisha akaenda kusimama nje peke yake.

Walilala uani na kwenye sakafu tupu, juu ya mikeka, taa ikiwa msumarini. Ma Alistidia alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, na watoto saba wakamlalia kila upande.

Lwakatare hakumsemesha siku ya pili wala ya tatu. Alikula alichopewa, akapokea wageni, akampita kana kwamba ni nguzo. Ma Alistidia hakulalamika. Alijua alichokifanya, na hakutegemea kisamehewe kwa siku tatu kitu ambacho yeye mwenyewe hakujisamehe kwa miaka kumi. Lakini alitembea ameinua kichwa. Watoto walikuwa hai.

Siku ya nne, waombolezaji walipokuwa wanatawanyika, Lwakatare alikuja na gongo lake akasimama mbele yake.

"Nilimchukia Amini kwa ajili ya mama," alisema. "Nilipokuwa hospitali wananikata mguu, nilijiambia angalau nimelipa. Sasa sijui nililipa nini."

"Shemeji..."

"Ngoja, sijamaliza. Vita vilikuwa vita, wengine wengi walikufa kweli kwa mabomu. Ningekwenda hata hivyo, nadhani. Sina hakika." Akahema. "Jumapili tuna ibada kigangoni. Utasimama uyaseme haya yote mbele ya watu. Yote, hata lile la kuita."

"Unataka nione haya?"

"Haya yako sina kazi nayo. Nyumbani kwangu nina koroboi nne, Ma Alistidia, na zote jana zilikuwa chini, kwenye nyasi. Wake za wanangu nimewafokea, wanacheka. Wanasema mzee kaambukizwa hofu ya Ma Zimamoto. Hawatanisikia mimi. Watakusikia wewe."

Kisha akasema, bila kumtazama, "Nitakaa benchi la mbele. Ukikwama, nitazame."

Jumapili kigango kilifurika, maana habari ilikuwa imeshafika mpaka vijiji vya jirani, na wapo waliokuja kwa uchungu na wapo waliokuja kutazama tamasha. Katekista Buberwa alimaliza matangazo akamwita. Ma Alistidia alipita katikati ya mabenchi akiwa na wale watoto saba nyuma yake, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Alimtafuta Lwakatare, akamwona benchi la mbele, gongo limelazwa mapajani. Lwakatare aliinua kidevu kidogo, kama mtu anayemwambia mwenzake waanze kazi.

"Mama mkwe wangu aliitwa Verdiana," alisema Ma Alistidia, na sauti yake ilifika mpaka kwa waliosimama nje. "Nataka niwaambie alivyokufa."