Darubini ya Saba

Nilisikia kufuli likibanwa, nikadhani Kazim anafungua kitu. Kisha gari likarudi nyuma, geti la nje likarudishiwa, na nyumba ikatulia tuli. Nilikuwa nimeshika darubini ya tatu, nimeivuta mirija yake yote hadi mwisho, natazama kama kioo cha mbele kina ukungu. Niliiweka mezani taratibu, nikaenda barazani. Grili ya mlango, ile ya nondo za mraba zilizopakwa rangi ya fedha, ilikuwa imefungwa, na kufuli lilining'inia upande wa nje.

"Amesahau kuwa nipo," nilisema kwa sauti, kama mtu anayemtetea mwenzake mahakamani.

"Hajasahau," sauti ilijibu kutoka ngazini. "Ndivyo anavyofungaga. Mkono wake umeshazoea."

Niligeuka. Bibi wa Kihindi alikuwa amesimama ngazi ya katikati, mwembamba, mtandio mweupe kichwani, ameshika ukingo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mie ndiye Sakina, wengi huniita Sakinabai. Karibu ndani." Akatabasamu. "Tena ndani kabisa."

Ilikuwa Tegeta, mwaka juzi, saa nne asubuhi. Kazim, mwanawe, alikuwa ameenda Mwenge kuchukua maboksi ya kufungia mzigo. Dakika ishirini tu, dada Hija, alisema. Kwa foleni ya barabara ya Bagamoyo hakuna mtu mzima anayeamini dakika ishirini, lakini mimi akili yangu ilikuwa mezani, kwenye zile darubini sita alizoniita kuzinunua.

Lazima nieleze ugonjwa wangu. Kazi yangu ni vitu vya kale vya shaba, na nilianza kwa kuviokoa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kule kwetu Temeke. Wao hupima kwa kilo. Birika la kahawa la miaka mia na koki ya bomba kwao ni mamoja. Siku moja, ndani ya gunia, niliona bomba fupi la shaba lililobonyea ubavuni. Nikalivuta, likarefuka. Nikavuta tena, likarefuka tena. Nilipoliweka jichoni, bango la saluni ya ng'ambo ya barabara likanijia kana kwamba limeandikwa kiganjani mwangu, hadi nyufa za rangi yake. Tangu siku ile sijapona. Nimezifuata darubini hadi Kimbiji kwa njia za mchanga, nimelala stendi kwa ajili ya moja iliyogeuka kuwa ya uongo. Za uongo ni nyingi. Hutengenezwa leo, hupakwa dawa ziote kutu ya kijani, huchapwa mwaka wa zamani. Mimi nazijua kwa vidole. Ya kweli skrubu zake zimelainishwa na mikono ya watu waliokwisha kufa, na herufi zake zimechongwa kwa mkono, hazilingani.

Sita za marehemu Pyarali, baba yake Kazim, zote zilikuwa za kweli. Alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, akazikusanya kwa miaka arobaini. "Ya saba iko juu, chumbani kwa mama," Kazim aliniambia asubuhi ile, akiwa ameshusha sauti. "Hiyo ndiyo hasa nataka iondoke. Anashinda nayo dirishani kutwa nzima, hata kula hali. Jirani kaja kunilalamikia kwamba mama anachungulia uani kwake. Nimeona aibu, dada yangu."

Saa tano nilimpigia. Iliita hadi ikakatika. Saa tano na nusu, simu yake haikupatikana tena. Nilijaribu mlango wa jikoni: grili, na kufuli. Madirisha yote: grili. Nilisimama barazani nikapaza sauti, "Hodi! Jamani, kuna mtu?" Mbwa wa jirani akanijibu kwa niaba ya mtaa mzima. Sina kawaida ya kuogopa. Nimekwenda peke yangu kwenye magodauni ambayo wanaume huyaogopa. Lakini ilipofika saa sita nilikuwa nazunguka sebule ile kama kuku aliyefungwa mguu, nikirudi kila mara kulitikisa kufuli lile lile, kama vile safari hii lingenihurumia. Jasho lilinitoka. Feni ilikuwa inazunguka.

"Kaa, mwanangu," Sakinabai alisema. Alikuwa ameniletea chai. "Siku ya kwanza mie nilitikisa hivyo hivyo. Linaumiza mkono tu."

"Ni muda gani sasa, mama?"

"Mwaka na miezi minane."

Alinieleza bila kulia. Alikwenda Kimbiji kumwona Farida, aliyemsaidia kulea watoto wake zamani, kwa kuwa alisikia anaumwa. Simu ikaisha chaji, akalala kwa Farida siku mbili, akarudi akakuta polisi sebuleni. Kazim alimkumbatia huku akitetemeka. Kesho yake fundi akaja kupima milango. Simu yake nayo Kazim akaichukua baadaye, mama alipodanganywa na matapeli wale wa "tuma kwenye namba hii".

"Na jiko la gesi nililisahau likiwaka," aliongeza. "Mara moja. Hiyo ni kweli, siwezi kumsingizia."

Nilishindwa kunywa chai. Sikumwambia kwa nini.

Mama yangu alianza kupotewa na akili akiwa na miaka sabini na miwili. Alitoka kwenda sokoni Temeke, tukamkuta Mbagala, kanga moja mwilini, akiulizia nyumba ya mume aliyezikwa kabla mimi sijabaleghe. Nikanunua kufuli. Kila asubuhi nilimwachia uji kwenye chupa, maji, redio, nikambusu kipaji cha uso, nikafunga, nikaenda kutafuta shaba zangu. Miaka mitatu. Watu walinisifu: Hija anamtunza mama yake. Na kweli nilimtunza, hakuwahi kulala na nguo chafu. Ila siku zote mie nilikuwa upande wa nje, na upande wa nje kufuli lina sauti ya amani. Ilibidi nifike Tegeta, nikiwa na miaka arobaini na saba, ndipo nijue upande wa pili linasemaje.

"Njoo juu," Sakinabai alisema. "Njoo uione ile uliyoifuata."

Chumba kilikuwa safi kama cha hospitali. Kitanda, msahafu juu ya rafu, kiti kimoja kimeelekezwa dirishani. Na juu ya miguu mitatu ya mti mweusi, ndefu kuliko mkono wangu, imevishwa ngozi iliyoshonwa kwa uzi mwembamba, ilikuwa darubini ya saba. Niliinama nikaziona herufi zilizochongwa: jina la fundi wa London, na mji, na nambari isiyokaa sawa kwenye mstari. Nimeshika nyingi, kama ile sijapata kuiona, wala sitaiona tena.

"Tazama," alisema.

Nikaweka jicho. Ukuta, nyaya za umeme, mti wa mwarobaini, kisha barabara ya vumbi, mbali, mahali ambapo jicho tupu liliona rangi rangi tu. Mwanamke alikuwa anamfunga mtoto viatu. Mtu alikuwa anapiga chafya. Niliona chafya, sikuisikia.

"Sasa kushoto kidogo. Soma bango."

"Fundi Kornelio," nilisoma. "Mageti, grili, madirisha. Piga..."

Kabla sijaisoma namba, Sakinabai aliitaja yote, tarakimu kwa tarakimu, nyuma yangu. "Nimeihifadhi kama sura ya Qur'ani. Simu ndiyo sina." Akakaa kitandani. "Yeye ndiye aliyezitengeneza grili hizi. Hija, unaipenda hiyo darubini. Nimekuona ulivyoinama, marehemu alikuwaga anainama hivyo hivyo. Usinitajie bei. Mie ni mke wa mfanyabiashara, nakuuzia kwa simu moja tu."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilipiga simu ile kwa huruma, au kwa ajili ya mama yangu. Ukweli ni kwamba niliitazama darubini kwanza. Nilimwazia Kazim, mtu mpole aliyeniamini na kuniingiza nyumbani kwake. Nikawazia kwamba nikisubiri nitatoka tu, na za mezani nitazipata zote. Nikaitazama tena. Kisha nikapiga.

Kornelio alifika na mashine yake ya kukatia begani. Alipoiona grili alisimama mbali nayo.

"Hii kazi yangu," alisema. "Bosi Kazim aliniambia anataka mwizi asiingie."

"Hajaingia hata mmoja," Sakinabai alisema kutoka ndani. "Umefanya kazi nzuri. Sasa kata."

"Mama, nikikata mlango wa mtu bila mwenyewe kuwepo, kesho nani atanipa kazi mtaa huu?"

"Hati ya nyumba hii ina jina langu. Mwenyewe nipo. Tangu lini mwenye nyumba amekuwa hayupo kwa sababu amefungiwa ndani?"

Kornelio alinitazama mimi. Nilitikisa kichwa kukubali, ingawa sikuwa nimeiona hati yoyote. Akapitisha waya katikati ya nondo, nikaupokea, nikauchomeka mwenyewe ukutani. Cheche ziliruka. Nilimvuta Sakinabai arudi nyuma, akakataa; alisimama pale pale, mtandio ukidonolewa na cheche, hadi kufuli lilipoanguka sakafuni likiwa bado la moto.

Hakukimbia. Alivaa viatu, akafunga kamba moja moja, akaniambia nimpe mkono.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Pale kona, nyuma ya ule ukuta wa bluu. Kutoka dirishani sipaoni. Mwaka na miezi minane naona watu wanaingia mikono mitupu, wanatoka na mifuko, wanacheka. Nataka kujua wanauza nini."

Tulitembea polepole mno. Kila baada ya hatua kumi alisimama, si kwa kuchoka, alisimama kusikiliza. Alikuwa ameuona mtaa ule wote bila sauti. Nyuma ya ukuta wa bluu palikuwa na kibanda cha kijana mmoja wa Bukoba aliyeitwa Revelian, na magunia mawili ya dagaa.

"Dagaa!" Sakinabai alisema. Akacheka hadi akakaa kwenye benchi. "Ya Allah, dagaa tu!"

Revelian, asiyejua lolote, alimchagulia wachache walionyooka akamwekea kiganjani, kisha akamfungulia na kopo la senene, panzi wa kukaanga wa kwao, ili aonje. Hao aliwakataa kwa adabu. Dagaa aliwatafuna mmoja mmoja.

Hapo ndipo Kazim alipotukuta, saa nane kasoro, shati limelowa. Lori lilikuwa limepinduka njiani, na simu ilikuwa imezima. Alikuwa amefika nyumbani, ameliona kufuli chini. Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Alisimama mbele ya benchi, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Dada Hija, unajua mji huu una mochwari ngapi? Mimi najua. Siku zile mbili niliziingia zote."

"Kazim," mama yake alisema.

"Nafunua shuka, si yeye. Nafunua nyingine, si yeye. Wewe umenikatia mlango kwa sababu ya saa chache ulizokaa ndani."

"Mie wangu nilimfungia miaka mitatu," nilisema. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. "Alifia humo ndani, mchana. Nilikuwa Tandika, nakagua birika."

Sakinabai alisogea kidogo kwenye benchi, akamwachia mwanawe nafasi. Kazim akakaa.

Zile sita sikuzipata. Hakuniuzia, wala sikuthubutu kuuliza. Ya saba Sakinabai alinibebesha jioni ile ile, imeviringishwa kwenye shuka. Biashara ni biashara, alisema, na yeye alichonunua ameshakipata. Wateja wamekuja kuitaka, mmoja alinifuata mara tatu. Nawaambia ina ufa kwenye kioo. Haina.

Grili ilibaki, ikawekwa kitasa kinachofunguka kwa ndani. Kila asubuhi Sakinabai alitoka, nilisikia, akaenda hadi kwa Kornelio, hadi kwa Revelian, hadi barabarani. Iliendelea hivyo miezi mitano. Kisha, mwezi wa kumi, alipotea kweli. Bodaboda walimkuta Bunju amekaa juu ya tofali, hajui jina lake, na Kazim alipofika, mama akamwita Pyarali, jina la baba yake.

Kazim alinipigia asubuhi iliyofuata. Nilidhani ananipigia kunilaumu, nikajiandaa. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe, na kwa mbali redio.

"Dada Hija," alisema, "naomba nikuulize kitu, nawe unijibu kweli. Mama yako, ulipokuwa umemfungia. Alikuwa anakuita?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa sipo, nani angenipinga?

"Ndiyo," nilimwambia. "Majirani waliniambia baada ya mazishi. Alikuwa ananiita hadi kama saa saba. Halafu ananyamaza."

Nikamsikia akivuta kiti, akikaa.

"Basi leo siendi kazini," alisema.

Akakata simu. Kesho yake hakwenda pia.