Bloku Saba Zenye Namba Yake

Bloku saba za injini zilirudi kiwandani Jumanne asubuhi, zimepangwa juu ya mbao na kufunikwa turubai. Zote zilikuwa na ufa mahali pamoja, kwenye ukuta unaobeba krenkishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Na zote, ubavuni, zilikuwa zimegongwa namba kumi na tisa.

Kumi na tisa ilikuwa namba ya Bi Kona. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa karakana, na walikuwa na haki ya kumbandika. Mchoro wowote ukiletwa mezani, kabla hata hajamjibu salamu aliyeuleta, yeye macho yake yalikuwa yanatafuta kona. "Hii kona nani kaichora? Ana ugomvi gani na injini?" Wahandisi waliosoma vyuo vikubwa walikuwa wakimkimbia korido nzima wakiwa na michoro kwapani.

Lakini mwanamke alijua anachokisema. Chuma huchoka, tena huchoka kimyakimya. Bloku nzuri haivunjwi na pigo moja. Kila pistoni inaposukuma, ukuta unavutika kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, halafu unarudi. Mara elfu, mara milioni, mara milioni kumi. Pakiwa na kona kali, au mstari mwembamba ulioachwa na kisu cha mashine, uchovu wote unakwenda kukaa pale pale, na ufa unaanzia hapo. Bloku za zamani za kiwanda zilikuwa zikifa hivyo, na Bi Kona alipiga kelele miaka miwili mpaka wachoraji wakakubali kuizungusha ile kona iwe pana zaidi.

Hakutosheka. Akaleta jambo lake mwenyewe, ambalo aliliita kukanda. Kona ikishachongwa kwa kipimo chake cha mwisho, unapitisha juu yake kigurudumu cha chuma kigumu, kwa nguvu, taratibu, mpaka ngozi ya juu ya ile kona inashindiliwa. Ngozi iliyobanwa namna hiyo haifunguki ovyo. Bloku tatu alizozikanda zilipelekwa kwenye mashine ya majaribio, zikagongwa wiki sita bila kupumzika. Kilichokatika ni bolti ya mashine yenyewe. Wanunuzi, watu wa pampu za maji, walipoona hivyo wakaandika kwenye mkataba kwamba bloku isiyo na namba kumi na tisa haipokelewi. Siku hiyo Bi Kona alitembea karakana nzima kama bibi harusi, na nani angemlaumu.

Sasa zilikuwa saba, zimepasuka, na namba yake juu. Kufikia saa nne msimamizi wa karakana alishamkabidhi barua. Asiguse mashine mpaka Ijumaa, siku ya kikao, na huko aeleze kwa nini hakukanda bloku alizozigonga muhuri. Unga ungemwagika, hilo alilijua, lakini si hilo lililomuuma. Kilichomuuma ni ile namba. Alikuwa ameijenga miaka kumi na minane, na sasa watu wa pampu walikuwa wanaitaja kama jina la ugonjwa.

Jioni hiyo mumewe alitembea naye kurudi nyumbani, amembebea mkoba. Mumewe alikuwa mkaguzi wa vipimo pale pale kiwandani, mtu mtaratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni na kauli moja mdomoni: kama kipimo kiko sawa, kitu kiko sawa. "Pole, mke wangu," alimwambia. "Ukweli utajulikana tu." Bi Kona alimshika mkono barabarani mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wao.

Jumatano hakuwa na kazi, basi akaenda uani zilikolazwa zile bloku. Nani analinda chuma kilichovunjika? Alipiga magoti na tochi na lenzi yake, akapitisha ukucha kwenye kona ya bloku ya kwanza. Ukucha ukakwama. Akajaribu ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Kona iliyokandwa huteleza kama ndani ya kikombe. Hizi zilikuwa na mistari ya kisu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila ufa ulikuwa umeanzia ndani ya mstari mmojawapo.

Si mwanzo hadi mwisho, alijisahihisha. Kule ndani kabisa, ambako kisu hakifiki, kulikuwa na kipande cha upana wa kidole kinachong'aa. Hapo palikuwa pamekandwa. Alikaa chini kwenye vumbi akafikiri, kisha akaelewa, akatukana peke yake. Mtu alikuwa amegeuza hatua. Alikanda kwanza, halafu akachonga, na kisu kikaimenya ile ngozi yote iliyoshindiliwa. Ni sawa na kupiga shati pasi kisha ukalitumbukiza kwenye beseni.

Kando ya namba kulikuwa na tarehe. Alizisoma zote saba. Zilikuwa ndani ya zile wiki tatu, miezi minne nyuma, ambazo yeye alikuwa mbali kabisa, kwenye chumba cha mama yake. Alikuwa akimgeuza ubavu, akimlisha uji kwa kijiko, akimfuta uso, mpaka mama akakata roho mikononi mwake. Katika siku hizo hakugusa chuma chochote zaidi ya kile kijiko.

Hapo angepaswa kufurahi, maana ushahidi ulikuwa mkononi. Lakini alimulika ile namba tena. Tisa yake ilikuwa na mkia uliokatika, kwa sababu muhuri uliwahi kumponyoka sakafuni. Na hii tisa nayo ilikuwa haina mkia. Basi hakuna aliyechonga muhuri wa bandia. Uliotumika ulikuwa wake, ule ule wa chuma, unaogongwa kwa nyundo, ambao hakuwahi kuuacha kiwandani hata siku moja kwa kuwa makabati ya pale yalikuwa yakivunjwa kila kukicha. Aliuweka nyumbani, ndani ya kopo, chini ya nguo zake kabatini. Nyumba ile ilikuwa na funguo mbili, na mmoja alikuwa ameondoka nao.

Alitafuta njia nyingine ya kulielewa jambo hilo. Aliitafuta kwa bidii, akiwa bado amekaa kwenye vumbi. Labda mwizi, labda jirani, labda yeye mwenyewe aliusahau mahali. Hakuna hata moja iliyosimama.

Mumewe alirudi kazini saa kumi na moja, akavua viatu mlangoni, akakuta chai mezani na mkewe amesimama.

"Muhuri wangu ulitoka kabatini nilipokuwa kwa mama?"

Hakuuliza muhuri gani. Hilo peke yake lilitosha. "Mke wangu, kaa kwanza," alisema.

"Nimeshakaa vya kutosha. Sema."

Alisema, tena alisema yote, kama mtu anayetapika. Zilikuwa zimebaki bloku arobaini na siku ya kuzipeleka ilikuwa imefika. Msimamizi alisema wakimsubiri arudi, mkataba utaota mbawa. Kugonga namba, alisema msimamizi, ni kugonga namba tu, na mume akamkabidhi muhuri. Na ni msimamizi huyo aliyegeuza hatua, kwa sababu ukikanda kwanza na kuchonga mwisho, bloku inafungwa kwenye mashine mara moja badala ya mbili.

"Nilizipima zote," mumewe alisema. "Zote arobaini, kwa mkono wangu. Hakuna iliyotoka nje ya kipimo hata unywele."

"Kipimo chako kinapima upana. Ngozi hakiioni."

"Sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Kukanda ni kukanda, nilidhani, iwe kabla iwe baada."

"Ungeniuliza."

"Ningekuulizaje? Mama alikuwa anakufa."

"Ulinipigia simu kila siku," alisema Bi Kona. "Kila siku! Mama kalalaje, mama kala nini, wewe umekula? Nikawa namwambia dada, ona mume niliyenaye. Kumbe unaniuliza hayo na muhuri wangu uko mfukoni mwako."

Mumewe alifunika uso kwa viganja.

"Na miezi yote hii minne? Na jana? Jana umenibebea mkoba!"

Alilia basi, mwanamume mzima mwenye kalamu tatu. Alisema amebakiza miaka mitatu kustaafu. Alisema alitaka kumwambia kila siku, na kila siku ilivyopita maneno yalizidi kuwa mazito. Mwisho akapangusa uso. "Ijumaa nitasimama niseme mwenyewe. Niachie hilo tu. Ukinitaja wewe nitaonekana mwizi. Nikisema mwenyewe nitakuwa mtu aliyekosea. Niachie nianze mimi."

Bi Kona aliisogeza chai pembeni. Alikuwa na hasira ya kuvunja vyombo, lakini walikuwa wamekaa pamoja miaka ishirini na miwili, na ombi lenyewe halikuwa kubwa. Tena, tusidanganyane, alitaka kumwamini. Mtu aliyechomwa namna ile hutafuta pa kushika, na yeye alishika hapo. "Sawa," alisema. "Utaanza wewe."

Ijumaa walikwenda pamoja. Alimpigia pasi shati, akamnyooshea kola, na njiani wakazungumza habari za paa linalovuja.

Kikao kilikuwa ofisini kwa meneja. Juu ya meza ndefu waliweka bloku moja kati ya zile saba, nayo ikaacha alama ya mafuta kwenye kitambaa. Walikuwepo meneja, msimamizi, na karani kijana wa kike aliyetumwa kutoka makao makuu na fomu zake, ambaye hakumjua mtu yeyote pale. Msimamizi alisema maneno machache kwa upole mwingi: namba ni yake, mkataba uliitegemea namba hiyo, kona haikukandwa, inasikitisha. Meneja akamgeukia Bi Kona.

"Naomba mkaguzi wa vipimo asikilizwe kwanza," alisema, akakunja mikono mapajani.

Mumewe alisimama. Alifungua faili, akalifunga, akalifungua tena.

"Muhuri namba kumi na tisa unatunzwa wapi?" aliuliza meneja.

"Anautunza mwenyewe," alisema. "Mimi kazi yangu ni vipimo. Vipimo vya bloku zote vilikuwa sawa."

Bi Kona alifikiri anajivuta tu, anakusanya nguvu. Alimtazama akimngoja.

"Umewahi kuuona mkononi mwa mtu mwingine?"

"La."

"Kumbukumbu zinaonyesha tarehe hizi za bloku alikuwa na ruhusa ya kuuguza. Alikuwa safarini?"

Mumewe aliyatazama makaratasi yake, kisha akamtazama msimamizi, kisha akayarudia makaratasi. "Alikuwa anarudi mara moja moja," alisema. "Siku moja, mbili. Halafu anakwenda tena."

Bi Kona aliacha kumngoja. Muhuri angeweza kuusamehe. Uongo wa miezi minne labda, Mungu akijalia, baada ya muda. Lakini zile siku za mama! Hakuondoka kwenye kile chumba hata kwenda dukani. Alikuwa amelala sakafuni ameshika mkono wa mama yake ili akitikisika aamke, na mtu huyu alijua, maana ndiye pekee aliyemsimulia. Sasa alikuwa amezichukua siku hizo akazikata vipande mbele za watu.

Alisimama. Sauti yake ilitoka ya kawaida, na hilo lilimshangaza mwenyewe.

"Meneja, naomba upitishe ukucha hapa."

Meneja alisita, kisha akapitisha. Ukucha ukakwama.

"Sasa ingiza kidole mpaka ndani, pale panapong'aa."

"Panateleza," alisema meneja.

"Hapo ndipo palipokandwa. Kisu hakikufika. Kwingine kote kulikandwa hivyo hivyo, halafu kukachongwa tena, ngozi ikaondoka. Mimi ndiye niliyeandika kwenye karatasi ya kazi kwamba kukanda ni hatua ya mwisho, na karatasi hiyo ina saini yangu. Iliyotumika wiki zile ina saini ya nani? Iletwe. Na mama yangu alikufa mikononi mwangu katika wiki hizo. Dada yangu alikuwepo, na muuguzi aliyekuja kila asubuhi na daftari lake yupo. Waulizeni kama niliwahi kurudi."

Msimamizi alianza kusema kitu. Meneja alimnyamazisha kwa kiganja, akapitisha ukucha tena, polepole, kwenye urefu wote wa ufa.

"Kama hukuwepo," alisema hatimaye, "muhuri ulichukuliwa na nani?"

Bi Kona alimtazama mumewe na kumpa nafasi ya mwisho, ndefu, ndefu kuliko alivyostahili. Mumewe alikuwa ananyoosha pembe za makaratasi.

"Mkaguzi wa vipimo," alisema Bi Kona. "Aliutoa kabatini kwangu akampa msimamizi. Ameniambia mwenyewe Jumatano, saa kumi na moja jioni."

Karani aligeuza ukurasa wa fomu. Lazima ijazwe yote, alieleza kwa adabu, akasoma mstari uliofuata. "Mama, una uhusiano gani na mtajwa?"

Mumewe aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Tunafanya kazi pamoja," alisema Bi Kona, na karani akaandika.