Jina Kwenye Ngazi ya Dungu

Tone. Kimya. Halafu tone jingine, ndani ya beseni.

Picha ilikuwa inachuruzika kwenye kamba, nami nimekaa kwenye kigoda gizani naisikiliza. Nje ilikuwa saa tisa mchana na jua la Mlabani, mtaa wetu wa Ifakara, linawaka kama kawaida yake, ila stoo yangu nilikuwa nimeiziba kwa mablanketi mawili na gunia, mwanga usipenye hata nukta. Ningewasha ile taa nyekundu ndogo ningeona. Sikutaka kuona, nilikwisha kuona. Herufi zilikuwa zimetokea nyeupe pe, kama mtu amempaka mama yangu chokaa kifuani.

"Mama, nifungue?" Omega aliuliza kutoka upande wa pili wa mlango.

"Usifungue, mwanangu. Mwanga utakula karatasi zote."

"Zimebaki ngapi?"

"Mbili."

Akafikiri. Alikuwa na miaka mitano, na kwa hesabu zake mbili ni kidogo. "Basi nalinda mlango," akasema, nikasikia anakaa chini na kuegemeza mgongo wake kwenye mbao.

Karatasi mbili za picha, na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Picha yenyewe niliipiga kijijini Namawala, mwezi wa tano, mpunga ukiwa umeanza kuinamisha vichwa. Msimu huo watu kwetu wanahamia mashambani kulinda ndege. Mama yangu, Merina, amesimama juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia mpunga, kombeo limezunguka kichwani, mdomo wazi katikati ya kelele. Chini yake Omega ameshikilia mguu wa ngazi kwa mikono miwili, kana kwamba akiuachia bibi yake ataruka na ndege. Nyuma yao bonde lote. Siku zote nilikuwa napiga pasipoti, komunio na maharusi, picha za kuagizwa. Hii hakuniagiza mtu. Niliipiga kwa sababu nilitaka wale wawili wabaki hivyo hivyo.

Ofisi ya mradi wa mpunga ilipopata kompyuta yenye mtandao, mwaka huo wa tisini na tisa, msimamizi wake Bwana Hermenegildi alitafuta picha za kuweka kwenye ukurasa wao, wafadhili wazione huko waliko. Nikampa hii. Akaipenda. Akasema nikimletea nyingine tisa nzuri kama hiyo, kazi ya kupiga vijiji kumi na viwili vya mradi, mwaka mzima, itakuwa yangu. Mwaka mzima! Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa sioni barabara.

Mwalimu Evarist, anayetufundisha Kiingereza na kompyuta masomo ya jioni, ndiye aliyenitahadharisha kabla picha haijawekwa mtandaoni. "Kandida, picha ukishaiweka kule ni kama nguo uliyoianika kando ya barabara. Tofauti ni kwamba mwizi anaichukua, na wewe bado unaiona iko kwenye kamba." Akanionyesha ile alama ya C ndani ya duara, akasema maana yake ni kwamba kazi hii ina mwenyewe, aulizwe kwanza. Basi nikaiandika kwa kalamu nyembamba, pembeni kabisa chini, pamoja na jina langu. Sikutaka kumsumbua mtazamaji. Niliona hiyo ndiyo adabu.

Mwezi wa nane, jioni moja baada ya somo, Mwalimu aliniita kwenye kompyuta. Akanisogezea kiti. Ulikuwa ukurasa wa duka la mbegu, la mji ambao sijawahi kufika, na picha ilikuwa inashuka polepole, mstari kwa mstari. Anga. Kombeo. Kitambaa cha mama kichwani. Kanga yake. Halafu picha ikaisha.

"Bado inakuja?" nikauliza.

"Imemaliza."

Walikuwa wameikata chini. Jina langu lilikuwa pale chini, basi limekwenda. Na mwanangu alikuwa pale chini, naye amekwenda na jina. Mama amebaki peke yake juu ya dungu, anawapigia kelele ndege kwa faida ya watu wa mbegu.

Sikulia. Nilimshukuru Mwalimu, nikaenda kumchukua Omega kwa jirani yangu Rosemery, nikambeba mgongoni ingawa ameshakuwa mzito.

Bwana Hermenegildi aliwaandikia barua pepe wale watu. Wakajibu kwamba picha iliwafikia haina jina, watalifikiria suala hilo.

"Lakini Mama Omega," akaniambia, "si ndiyo kutangazwa huko?"

"Imetangazwa bila mimi, kaka. Na bila mtoto."

"Haya, yamepita. Ijumaa laini ya simu ikikubali naweka zile zilizobaki. Niletee safi."

"Nataka jina likae katikati. Hata hii ya kwanza tuibadilishe."

Akavua miwani. "Katikati? Wafadhili wanataka kuona mpunga, hawataki kusoma jina lako. Angalia, Raimundi wa pale stendi hana maneno. Anapiga, anakabidhi, anaondoka."

Nikaelewa. Vijiji kumi na viwili ndivyo vilivyokuwa vinazungumza hapo.

"Nipe mpaka Ijumaa," nikasema. "Nitakuletea moja tu. Ukiiona mbaya, kazi mpe Raimundi, na mimi sitanuna."

"Utanuna," akasema, lakini alikubali.

Kuandika jina katikati ya picha ni kumwandika mama yangu mwilini, na mtu haandikwi bila kuulizwa. Nikaenda Namawala. Nilimkuta mbele ya nyumba anashona magunia ya kupeleka mashineni kukoboa, sindano ndefu mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Hiyo kompyuta hailishi?"

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka sindano ikaanguka. "Wamemkata mjukuu wangu, wakamwacha mzee? Hao hawajui biashara." Halafu akawa makini. "Alama yako uliiweka wapi?"

"Pembeni, chini."

"Yaani ulifunga kitambaa mdomoni mwa gunia." Akatingisha kichwa. "Nimekulea mashineni, Kandida, na bado unafunga kitambaa mdomoni! Magunia hamsini yamepangana pale, mwenye haraka anafungua chako anafunga chake, gunia limepata baba mwingine. Tazama hili." Akaligeuza. Tumboni alikuwa ameandika kwa rangi, M kubwa, kutoka ubavu huu mpaka ule. "Anayetaka kuitoa hii achane gunia. Akichana, mpunga unamwagika. Sasa ameiba nini?"

"Lakini mama, tumboni mwa picha upo wewe. Watu watakuona umeandikwa."

"Jina la nani?"

"Langu."

"Hee! Nilikubeba miezi tisa, wewe mzima na miguu yako, leo jina lako ndilo linishinde?" Akaokota sindano. "Ila uso uniachie. Na usiniandike kwa fujo kama gunia la serikali. Andika taratibu, mtu anione mimi kwanza, wewe baadaye."

Hayo ndiyo yalikuwa maagizo, na hayo ndiyo niliyokuwa nayo gizani siku ile ya Alhamisi.

Nilitoa kioo kwenye fremu ya picha yetu ya harusi. Baba Omega yuko mbali, kwenye kazi ya mashamba ya miwa; angekuwepo angeniuliza maswali. Juu ya kioo nikaandika kwa rangi ya kucha, niliyoazima kwa Rosemery, duara lenye C, jina langu na Ifakara. Herufi zinaanzia kwenye miguu ya Omega, zinapanda ngazi ya dungu, zinaishia kwenye kanga ya mama. Kioo hicho kinalazwa juu ya karatasi wakati mashine ya kukuzia inamulika, herufi zinazuia mwanga, na pale palipozuiwa panabaki peupe.

Karatasi ya kwanza niliacha kioo mpaka mwisho. Ndiyo ile chokaa.

Basi nikajua kioo kinatakiwa kiondolewe katikati ya kumulika, ili herufi zififie. Na katikati ni lini? Mzee Nazari aliyenifundisha kazi hii na kuniachia vifaa alipostaafu kwenda kwao Mahenge hakuwa na saa ya chumba cha giza. Alipima mwanga kwa sala ya Salamu Maria, na mimi napima hivyo hivyo. Picha ya ukubwa ule ni Salamu Maria moja, isemwe kama kanisani, bila kukimbia.

Karatasi ya pili nilianza vizuri. Halafu nikamwona akilini Raimundi amepanda gari la mradi, begi la kamera begani, na ulimi ukaanza kukimbia. Niliinua kioo kabla sijafika popote. Picha ilipotoka kwenye dawa ilikuwa nzuri sana, na jina halikuwepo. Nikaitundika karibu na mwenzake. Sasa zikawa zinadondosha mbili, kila moja kwa wakati wake.

Ikabaki moja. Nikailaza, nikalaza kioo, nikawasha mashine, nikaanza kusali kwa sauti ili nijisikie mwenyewe kama nakimbia.

Nilisahau kwamba mlangoni kuna mtu.

Nyumbani kwetu kila jioni mimi naongoza na Omega anaitikia. Nilipofika mwisho wa nusu yangu, kutoka upande wa pili wa mbao ikaja ile nusu nyingine, "Maria Mtakatifu", taratibu, neno kwa neno, kama mtoto anayebeba kikombe kilichojaa. Nikainua kioo. Sikumharakisha, na asingeharakishika. Aliposema Amina nikazima.

Kwenye dawa alitokea mama kwanza. Kombeo, mdomo, kanga. Halafu Omega. Mwisho kabisa, kama moshi wa jikoni unaopanda ngazini, nikatokea mimi.

Ijumaa asubuhi Bwana Hermenegildi aliipeleka picha dirishani. Nilimshika Omega mkono. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akachukua karatasi nyeupe akafunika sehemu ya chini, jinsi walivyofanya wale wa mbegu. Herufi zikabaki kwenye ngazi. Akapandisha karatasi, zikabaki kwenye kanga. Akafunika mpaka kifuani, akakuta ameacha kichwa cha mwanamke na kombeo hewani.

"Sasa mwizi akate wapi?" akauliza.

"Hapo ndipo kazi ilipo, kaka."

"Na mpunga naona wote unaonekana." Alisema kama mtu anayejisemea. "Umeifanyaje hii?"

"Kwa Salamu Maria moja."

Akaniangalia aone kama namtania, akacheka kidogo, akafungua mfuniko wa mashine ya kuingizia picha kwenye kompyuta. "Zile tisa nazo zifanye hivi. Jumatatu gari linakwenda kijiji cha Kisawasawa saa kumi na mbili, usichelewe. Raimundi nitaongea naye mimi."

Nikamnyanyua Omega nikamweka kiunoni aone vizuri. Kwenye kioo cha kompyuta picha ilianza kushuka, mstari kwa mstari. Anga. Kombeo. Kitambaa cha bibi yake. Kanga, na juu yake herufi za mwisho za jina langu. Omega alikuwa ameshika shingo yangu. Ngazi ikashuka. Nywele zake zikatokea, kisha paji la uso, kisha mikono miwili imekamata mti.

"Sasa na mimi nipo," akasema.