Jino la Mama Yuster

Fortunatus alikuwa mtu wa dawa za usingizi kwa miaka ishirini, na kuanzia Newala hadi Masasi hakumwona wa kumfundisha kupitisha mpira wa kupumulia kooni. Ndivyo alivyojisemea, na mbaya zaidi alisema kwa sauti. Kilipoletwa kifaa cha kamera, kinachoonyesha koo kwenye kioo, alicheka. "Koo si televisheni," alisema. Hospitali ikaamua kukilinganisha na laringoskopu ya zamani, kile chuma cha kuinulia ulimi ili koo lionekane, kwa wagonjwa wa kawaida. Kila mgonjwa na bahasha yake, na bahasha ndiyo inayoamua kitumike kifaa kipi.

Jumatatu, bahasha ya Mama Yuster, mwalimu mstaafu wa Makote aliyekuja kupasuliwa ngiri, ilisema kamera. Oliva, muuguzi aliyefunzwa na Fortunatus mwenyewe, akamnyooshea kamera. Fortunatus akachukua chuma chake cha siku zote. Mara ya kwanza hakuona njia. Mara ya pili, jasho likimtoka, alikibinua chuma juu ya meno, jambo analowakataza wanafunzi kila siku, na jino la mbele likakatika. Mara ya tatu mpira ukaingia. Oliva akaliokota jino kwa koleo.

Kwenye fomu, mwamba ngoma akavutia kwake. Kifaa: kamera. Madhara: jino moja.

Kesho yake alipita wodini. "Shikamoo, mama. Lile jino lilikuwa limelegea."

"Marahaba, mwanangu. Mbona juzi tu nimetafunia korosho?" Kisha Mama Yuster akaziba mdomo kwa khanga. "Basi nisamehe. Nimekutaabisha."

Fortunatus aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini akapita kitanda kilichofuata.

Ijumaa, kikaoni, Oliva alizisoma fomu. Mganga mfawidhi akasema kamera irudishwe, inavunja watu meno. Oliva hakumtazama Fortunatus. Alitazama meza, kama mtoto aliyemfuma baba yake akiiba.

Fortunatus akasimama. "Isirudishwe. Jino nimelivunja mimi, kwa chuma changu. Fomu ile nimeandika uongo."

Oliva akachukua kalamu, akasahihisha, kisha akauliza kwa adabu, "Mwalimu, na Mama Yuster umeshamwambia?"

Mama Yuster alikuwa ameruhusiwa jana yake. Kabla ya kuondoka alimfuata Fortunatus mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akamwomba radhi mara ya pili, na Fortunatus akamsamehe.