Mtu wa Kula Naye

Chuo chetu cha utalii hapa Karatu kina darasa la jioni, linaanza saa kumi na moja. Mimi nina miaka arobaini na nane na mchana nafua mashuka ya loji ya watalii. Vijana wananiita Mama Modest. Waliponiingiza klabu ya afya, niliamini Mungu ameniweka pale kwa makusudi.

Klabu ilikuwa na mashine moja ya kupima presha, ndoo za maji ya kunawa, na mabango ya mwenyekiti wetu Nehemia, kijana wa Marangu asiyejua kunyamaza. Bango lake kubwa, KULA ASUBUHI, MCHANA NA JIONI, lilikuwa mlangoni mwa kantini.

Saa kumi na mbili tulikuwa na mapumziko. Wenzetu walikimbilia chai na chapati, lakini Sairowua, morani wa Kimaasai kutoka Oloipiri, Loliondo, alibaki barazani akitazama mlima Oldeani. Ilikuwa hivyo kila jioni. Mimi hufunga kila Ijumaa, nikadhani nimepata mwenzangu.

"Huli, mwanangu?"

"Sili, mama."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Mungu anakuona. Usilegee."

Akainamisha kichwa nikamgusa, kama vijana wa Kimaasai wanavyowasalimu wakubwa. Nikarudi kwenye chai yangu nikiwa na furaha.

Wiki mbili baadaye alianguka darasani akiwa anataja majina ya ndege. Zahanati walimpima, hakuwa na malaria wala kifafa. Tabibu alisema huyu ana njaa tu. Mwalimu Elisaria, anayetufundisha kuongoza watalii, hakuficha neno.

"Mtihani wa vitendo ni mwezi ujao, ndani ya kreta, kwenye wanyamapori. Siwezi kumkabidhi wageni mtu anayeanguka. Akianguka tena, atarudi nyumbani."

Sairowua alikuwa wa kwanza katika boma lao kufika chuo.

Kesho yake Nehemia alimletea bakuli la uji katikati ya kantini. "Kunywa, kaka. Amri ya klabu." Sairowua alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka nalo. Baadaye niliukuta uji wote kwenye maua.

Jioni ile nilisali rozari kwa ajili yake. Kabla sijafika katikati nikaona aibu. Nilikuwa namuuliza Mungu kwa nini kijana hali, na kijana mwenyewe sijawahi kumuuliza. Nilimpa baraka kabla ya kumuuliza.

Kesho yake nilimuuliza, akatabasamu tu akatazama chini. Basi nikamwendea Namelok, dada wa huko huko Loliondo, ambaye dawati lake liko karibu na langu.

"Mama Modest, huyu ni morani," alisema. "Morani hali peke yake. Anakula na mtu wa rika lake, waliotahiriwa kijadi kipindi kimoja, na si mbele yetu wanawake. Wengi wakija mjini wanaacha. Yeye baba yake alimwachia aje kusoma kwa sharti hilo, naye akakubali. Amepanga chumba peke yake. Anakula vizuri siku za mnada, akikutana na wenzake."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Na nyinyi mlivyokuwa mnatembea na mabango, nilijua mnajua."

Nilipomweleza Nehemia, alimfuata Sairowua moja kwa moja. "Basi tatizo limekwisha. Mimi nitakula na wewe."

Sairowua akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ulitahiriwa na nani?"

"Na daktari. Na ganzi nilichomwa."

"Ganzi." Akacheka mpaka akashika nguzo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. "Hapana, kaka. Asante, lakini hapana."

Klabu nzima tukaanza kutafuta. Siku tatu tuliuliza walinzi wote wa Kimaasai wa barabara kuu, na kwenye duka la vifaa vya ujenzi tukampata mlinzi Ngoyai, morani wa rika lile lile, ambaye naye alikuwa anashindia chai. Nehemia aliwatengea meza nyuma ya stoo. Mimi nilipika makande na maziwa, nikayaweka na kuondoka bila kugeuka. Niliporudi nilikuta sufuria tupu, limesafishwa kwa majivu.

Nehemia alibandua bango lake akaandika jingine: UNAKULA NA NANI? Wiki ile wanafunzi watano waliokuwa wanalala njaa kwa upweke walikuja wenyewe, nasi tukawatafutia watu wa kula nao.

Ikabaki siku ya mtihani. Tungeshinda kreta kuanzia alfajiri, na kila mwanafunzi alipaswa kuwa na wageni wa kuwaongoza. Nilikwenda kwa Mwalimu Elisaria nikamwomba Ngoyai awe mgeni.

"Mtalii mwenye rungu?"

"Na yeye hajawahi kuona viboko, Mwalimu."

Akaandika jina lake.

Mchana tulisimama kando ya bwawa. Pale mwewe ni wezi, wanashuka na kunyakua mkate mkononi, kwa hiyo wote tulijifungia ndani ya magari na vyakula vyetu, wanaume kwa wanawake. Sairowua alishikilia boksi lake bila kulifungua. Midomo ilikuwa imemkauka. Sehemu yake ya mtihani ilikuwa inafuata.

Ngoyai akafungua mlango. "Twende."

Wakaketi majanini. Ngoyai akavua shuka lake jekundu, akajifunika nalo pamoja na Sairowua, kichwa mpaka miguu. Mwewe alishuka, akazunguka, akapita juu ya lile shuka mara mbili, akaenda zake. Chini ya shuka tuliona viwiko vikicheza tu.

"Wanakula," Namelok alinong'ona, akageuza uso upande wa pili kwa heshima. Nami nikageuza wangu.

Sairowua alisimama akaongea saa moja na nusu juani: faru, chumvi ya ziwa, ng'ombe wa babu yake. Mwalimu Elisaria aliacha kuandika, akasikiliza. Matokeo yalipobandikwa, jina lake lilikuwa la kwanza. Langu lilikuwa la kumi na moja, nami nikamshukuru Mungu kwa yote mawili.

Siku hizi kabla ya kumwombea mtu, kwanza nakaa naye.